Nafasi Kumi za Kilimatinde

Majina ya watu wa kijiji kile ninayo yote. Macho yamefifia, kusoma kwenyewe ni kwa tabu, lakini nikikaa kuchambua mlenda huanza na nyumba ya kwanza karibu na kisima, nikapita mlango kwa mlango mpaka ya mwisho upande wa shamba la kijiji, na kila mlango unanitolea watu wake: mume, mke, watoto kwa kufuatana, hata mbwa. Hapa lakini sitamtaja mtu. Wengi wamekwisha kutangulia, na wajukuu wao wapo. Sitaki mtu asome aseme bibi yetu ametangazwa.

Majina hayohayo ndiyo yaliyonipa kazi ile.

Serikali ilikuwa imetukusanya kutoka kwenye nyumba zetu za tembe zilizotawanyika, kila ukoo na kilima chake, ikatupanga mistari kando ya barabara ya kwenda Singida mjini. Tukawa wageni kwa wageni. Unachota maji na mtu msimu mzima hujui anaitwaje, unamwita tu mama wa nyumba yenye mlango wa bati. Mimi nilikuwa natembea kuuliza. Siyo umbea. Nilipenda kujua mtu ni nani, baba yake nani, ametoka wapi. Baada ya mavuno mawili hata mwenyekiti wa kijiji alikuwa akitafuta mtu ananiita mimi. Shule yangu ilikuwa ya ngumbaro, ile ya watu wazima, jioni mbili kwa wiki, na nilikuwa nimefika mahali pa kuandika jina langu bila kuangalia ubaoni. La mtu mwingine lilinishinda.

Basi, msimu mmoja wa kiangazi alikuja Bibi Maendeleo kwa Landrova. Ndivyo tulivyokuwa tukimwita yule mama wa serikali aliyefundisha wanawake mambo ya lishe na usafi na kazi za pamoja. Huyu alikuwa ametokea mbali, Kinyaturu hajui hata salamu, lakini hakuwa na maringo; alikaa chini kwenye ngozi kama sisi. Akatuambia kuna mkutano mkubwa wa akina mama, utafanyika Kilimatinde, siku nne. Vijiji vingi vitakutana. Watafundishwa kulea watoto, kushona, kuhifadhi chakula kisiliwe na wadudu. Lori litawachukua na kuwarudisha, na chakula kitatolewa hukohuko. Tatizo ni nafasi. Lori moja ni la vijiji vitatu, kwa hiyo kijiji chetu kitatoa watu kumi.

Kumi! Wanawake tuliokuwa pale tulijaza kiwanja chote mbele ya ghala. Nilisikia mgongoni kwangu watu wakianza kusogea, kama ng'ombe wakiona maji.

Akasema pia jambo moja ambalo lilishangiliwa sana. Kijiji kimoja alikopita, wakubwa walimpelekea vikaratasi vya majina, na yote yalikuwa ya wake zao na dada zao. Kwa hiyo sasa hapokei karatasi. Atarudi siku ya gulio, na majina yatasemwa mbele ya watu wote, jina la mtu mwenyewe na la baba yake, siyo mama fulani. "Jina ambalo sitalisikia hapa kwa masikio yangu," alisema, "sitaliandika."

Wanawake wakauliza nani atasema, maana kila mtu akisema la kwake itakuwa fujo ya mnadani. Mara nikasikia jina langu linatajwa huku na huku. Mwenyekiti akacheka, akasema huyo ana vichwa viwili, kimoja cha kwake kimoja cha kijiji. Nikapewa kazi: wanaotaka waje kwangu, anayetangulia kuja ndiye anayetangulia kwenda, nami nisijitaje mwenyewe. Kujitaja nisingeweza hata hivyo, nilikuwa na mtoto mchanga mgongoni. Na siku hiyo mbele ya ghala nitasema mimi peke yangu; mwingine yeyote afunge mdomo.

Niliona fahari. Nilirudi nyumbani nikitembea kwa miguu ya mtu mwingine.

Watu walianza kuja kabla sijamshusha mtoto mgongoni. Kufika giza nafasi zilikuwa zimebaki mbili. Mmoja alileta mayai kwenye kibuyu, nikamrudishia na nafasi nikampa, maana alikuwa wa tatu kufika na mayai hayakumwongezea kitu. Mke wa mkubwa mmoja wa pale alimtuma binti yake aseme mama anaumwa mguu, ataandikwa hata hivyo. Nilimwambia binti, shikamoo zangu kwa mama, mguu ukipona aje. Akaja palepale, na mguu wake mzima, akawa wa tisa. Sikulala vizuri. Nilikuwa nayapitia majina kichwani kama mtu anayehesabu mbuzi, nikihofia moja litanitoka, na lile litakalonitoka ndilo la mtu ambaye hatanisamehe.

Asubuhi, nikikamua, mama mkwe wangu alikuja akasimama kwenye mlango wa zizi.

Huyu hakuwa mama wa mikutano. Siku za mikutano ya kijiji alikuwa akibaki nyumbani akisema wao wanaongea, mimi nalisha kuku. Tuliishi vizuri, kwa heshima, kila mtu na upande wake wa nyumba. Nilimsalimia, akaitikia marahaba, akawa anamtazama ndama mpaka nikadhani ndiye aliyemjia.

"Nafasi za Kilimatinde zimeisha?"

Nikasema imebaki moja, mama.

"Hiyo ni yangu," alisema. "Mtoto wangu amelazwa huko."

Ndipo nilipojua. Wifi yangu, bintiye wa mwisho, alikuwa ameolewa upande wa Manyoni, na jana yake mpita njia alikuwa ameleta habari kwamba amejifungua, mtoto mzima, lakini mwenyewe ameshikwa na homa, hajui watu, amepelekwa hospitali ya Kilimatinde. Mama mkwe alizibeba habari zile peke yake usiku kucha. Mume wangu alikuwa mbugani na ng'ombe kutafuta majani, hajulikani anarudi lini. Basi la abiria kwa upande ule halikuwapo. Kwa miguu ni pori, na magoti yake yalikuwa yakimsumbua hata kufika kisimani. Lori la Bibi Maendeleo ndilo lilikuwa njia yake pekee.

Nikamwambia, mama, wewe ni wa kumi. Akageuka akaenda zake. Nikaendelea kukamua, na mkono wangu ukasimama kwenye chuchu ya ng'ombe.

Maana jina lake nilikuwa silitaji.

Siku hizi watoto wanawaita wakwe zao kwa majina kama wanaita paka. Kwetu wakati ule mkamwana hakulitamka jina la mkwe wake, mama wala baba, awepo asiwepo. Hata neno linalofanana nalo hulisemi. Na la mama mkwe wangu lilikuwa neno la kila siku, kitu kilichopo kila nyumba. Tangu niolewe nilikuwa nakiita kwa jina jingine, na wanangu walijifunza kwangu hilo jingine wakadhani ndilo. Mwenzetu mmoja, huko tulikotoka, jina la mkwe wake liliwahi kumponyoka akiwa na uchungu wa kuzaa. Alirudi kwao kutafuta mbuzi wa kuomba radhi, na baada ya hapo hakuruhusiwa tena kukamua ng'ombe wa nyumba ile. Si mbuzi aliyeniogopesha. Ni mdomo wangu wenyewe. Nilijaribu siku ile, peke yangu kondeni, bila mtu: nikafungua mdomo nilitamke mara moja tu nione. Halikutoka.

Nani basi wa kunisaidia? Wakamwana wengine wa ukoo walikuwa kama mimi. Wageni wa mistari mingine walimjua tu kwa kuitwa Bibi. Jina lake hasa walilijua wachache. Na kumwendea Bibi Maendeleo nimweleze niliona haya. Angesema hizi ndizo mila za kuachwa, na pengine angesema kweli, lakini kweli yake isingenifungua mdomo.

Kulikuwa na mtu mmoja tu. Rafiki yangu, jirani yangu wa mlango wa pili, Mnyiramba aliyeolewa kwenye ukoo mwingine wa kijiji chetu. Watu wa ukoo wake na watu wa ukoo wa mama mkwe walikuwa watani tangu zamani za mababu. Unajua mtani: ndiye anayekuja msibani kwako akavaa nguo za marehemu, akamwiga anavyotembea, na wafiwa wakacheka huku wanalia. Mtani hana jina asiloweza kulitaja. Kila asubuhi alikuwa akipita mbele ya mama mkwe akimwita mchawi aliyesahaulika na kifo, na mama mkwe akimwuliza kama kwao wamekwisha kujifunza kupika au bado wanakula panzi wabichi. Siku asipopita, mama mkwe alikuwa akiuliza yuko wapi.

Ningemwendea siku ileile. Lakini jioni alikuja yeye. Alikuwa Iramba kwenye msiba wa shangazi yake, amerudi miguu imejaa vumbi, hajafika hata kwake.

"Niandike. Niambie umeniwekea."

Nikamwambia zimejaa. Alikaa chini kwenye kinu. Tetesi za mkutano ule alizisikia kabla haujatangazwa, akaupenda. Alikuwa amepanga hata kitenge. Akaniambia, unajua mimi lori nimelipanda mara moja tu, siku ile tunahamishwa. Niliwekwa juu ya magunia na kuku na mama yangu anapiga kelele. Nataka nilipande kwa hiari yangu mwenyewe, nikiwa nimejipaka mafuta. Tukacheka. Kisha akauliza, bila kucheka, akikosekana mmoja?

Nikasema, akikosekana mmoja ni wewe.

Mngeniona. Huyo niliyekuwa nataka kumwomba anisemee jina ndiye aliyekuwa akingoja jina lisisemwe. Nimwambie nini? Kwamba nafasi yako ninayo mdomoni, nisaidie kuitoa nimpe mwingine? Nilinyamaza. Na kadiri siku ya gulio ilivyokaribia ndivyo nilivyozidi kunyamaza. Maziwa yakanipungua, mtoto akawa analia. Mama mkwe alikuwa ameshasokota kamba mpya ya kufungia mzigo wake, na alikuwa amekaanga unga wa uwele wa kumpelekea mgonjwa uji. Hakuniuliza kitu. Alijua kazi niliyopewa ni kusema majina, na alijua jina lake mimi silisemi. Lakini sijui kama alikuwa ameyaweka mambo hayo mawili pamoja. Kumuuliza kungekuwa kumwambia kwamba namwona ni mzigo.

Siku ya gulio Landrova ilifika mapema. Kiwanja kilijaa kuliko mara ya kwanza, hata wanaume walikuwepo, wamesimama pembeni na fimbo zao wakijifanya wanangoja bei ya mbuzi. Bibi Maendeleo alikaa kwenye kiti cha ofisi, daftari magotini. Mwenyekiti akatangaza tena: anasema mmoja, mwingine akipaza sauti anamharibia aliyetajwa. Akanipa nafasi.

Nilianza. Wa kwanza, jina lake na la baba yake. Akajibu nipo. Wa pili. Wa tatu. Sauti yangu ilikuwa nzuri, naikumbuka, ilikuwa inafika mpaka ukuta wa ghala na kurudi. Nilikuwa nimemweka mama mkwe mwisho, nikijidanganya kwamba tisa wale watanipa nguvu, jina litatoka kwa kufuata wenzake kama mbuzi anavyoruka mtaro akiona wengine wameruka. Wa saba. Wa nane. Mama mkwe alikuwa amekaa mstari wa mbele, na mzigo wake ameufunga tayari, kana kwamba lori liko nyuma ya ghala. Wa tisa akasema nipo, yule wa mguu.

Nikafungua mdomo.

Niliangalia chini, nikaona vidole vyangu vya miguu, vumbi, maganda ya karanga. Mtoto mgongoni akakohoa. Bibi Maendeleo alingoja, kisha akasema taratibu, "Wa kumi, mama."

Nikasema yupo. Akauliza ni nani. Nikasema yupo hapa. Watu wakaanza kunong'ona. Nikasikia mmoja akisema amemsahau, leo kichwa cha kijiji kimesahau. Nikamtazama mama mkwe, nikageuza macho haraka. Nilimwonyesha kwa kidevu. Bibi Maendeleo akamtazama yule mama mzee, akanitazama mimi, akasema kwa upole ambao uliniumiza zaidi kuliko kugombezwa, kwamba alishaahidi mbele ya watu wote, na asiposikia jina hawezi kuandika, maana kesho watu watasema na huyu naye aliingizwa kwa kidevu. Aliuliza kama mama mwenyewe anaweza kusema. Mwenyekiti akakataa, akasema kanuni ni kanuni, wakisema wenyewe kila mtu atasema. Mama mkwe hakutikisika. Mtu mzima kwetu hakusimama akajitaja kama anayejinadi. Aliuweka mkono wake juu ya mzigo, basi.

"Kama hayupo, kuna anayefuata?" aliuliza Bibi Maendeleo.

Na mimi nilijua anayefuata ni nani, na yeye alijua, na wanawake wote wa mstari wetu walijua. Wakageuka kumtazama. Alikuwa amejipaka mafuta. Amevaa kile kitenge.

Nikasema, kuna anayefuata. Ndilo neno lililotoka, ndilo pekee lililoweza kupita.

Rafiki yangu akasimama. Nilidhani anasimama kujibu nipo. Akajifunga kitenge kiunoni, akatoka mbele, akasimama kati ya kiti cha serikali na mama mkwe wangu, mikono kiunoni.

"Mama Maendeleo, huyu mkamwana wa watu unamwonea bure. Hawezi kumtaja mkwe wake, atapasuka. Mimi ni mtani, nimtaje mimi." Kisha akainama usoni kwa mama mkwe. "Wewe mchawi. Wewe ngozi iliyokataliwa na fisi. Unafunga mzigo unakwenda kuwaua watu wa Kilimatinde na huku kwetu hujatumaliza?" Akalisema jina. Jina lote, na la baba yake, na la babu yake ambalo hakuulizwa, kwa sauti ya kuita ng'ombe.

Hilo jina, kulisikia pale mbele ya watu, nilihisi kama nimevuliwa nguo. Nikajifunika uso.

Kiwanja kiliangua kicheko, wanaume wa kule pembeni nao. Mwenyekiti akataka kusema kanuni. Mzee mmoja akamwambia mtani hana kanuni, kaa. Bibi Maendeleo alikuwa anatutazama kwa zamu, hajui kama awe na hasira. Akauliza, huyu wa kumi ni wewe au ni mama huyu?

"Huyu. Mimi wa kumi na moja."

"Unajua ukimtaja wewe hubaki na nafasi?"

"Kuhesabu najua, mama."

Mama mkwe akainua uso wake, akasema, kwa sauti ndogo lakini wote tuliisikia, "Mla panzi. Nikifa utanizika kwa mikono hiyohiyo."

"Nitakuzika umekaa," alijibu mwenzake, "ili usichoke."

Bibi Maendeleo akaandika.

Lori liliondoka kesho yake. Mimi na rafiki yangu tulikuwa zamu ya shamba la kijiji, kung'oa mabua, na barabara ilikuwa hapo mbele yetu. Lilipopita, wanawake juu wakiimba, yeye hakuinua kichwa. Niliogopa kumshukuru, mtani hashukuriwi. Nikasema tu kwamba nilitaka kumwomba mapema nikashindwa. Akang'oa bua, akalikung'uta udongo kwenye mguu wake.

"Ungeniomba ningekataa," alisema. "Ningekaa nyumbani nitafakari, nikatae. Bora hukuniomba."

Tukamaliza mstari ule wa mabua.

Siku nne zilipita, lori halikurudi. Ya tano, halikurudi. Watu walisema limeharibika Manyoni, wengine wakasema mto, ingawa kilikuwa kiangazi na mito ilikuwa mchanga mtupu. Mimi sikulifikiria lori. Nilifikiria kitanda cha hospitali, na yule mama ameingia na unga wake akakuta kitanda kimetandikwa. Ningekuwa nimempigania nini? Ningekuwa nimemsafirisha akazike peke yake, mbali, bila ndugu wa kumshika. Nikifagia nilikuwa nasimama na ufagio kusikiliza barabara.

Lilikuja siku ya sita, jua limelala. Kumbe ni gurudumu tu. Wanawake waliruka chini wana vumbi mpaka kwenye kope, wamebeba vitambaa walivyoshona, wote wanasema kwa pamoja. Bibi Maendeleo alishuka mbele kwa dereva, akaja moja kwa moja kwangu. Akasema yule mama mzee hakuingia mkutanoni hata mara moja. Siku ya kufungua alikaa mlangoni kidogo, akaondoka, hakuonekana tena. Nafasi moja ya kijiji chenu, alisema, imepotea, na mwaka ujao nikiulizwa nitajibu nini? Nikasema ndiyo, mama. Nilikuwa namtazama mama mkwe akishushwa na vijana wawili wakimshika makwapa. Nilikuwa natafuta kwenye nguo zake, kwenye kichwa chake, kama kuna kitu amefunga cha msiba. Kichwa kilikuwa kimefungwa kitambaa kilekile alichoondoka nacho.

Haulizwi mtu mzima habari za safari barabarani. Nilipokea mzigo wake; ulikuwa mwepesi, unga umekwisha. Tulitembea mpaka nyumbani mimi nyuma yeye mbele, magoti yake yakimtesa. Alikaa kwenye kigoda chake. Nikampa maji kwa kata, kwa magoti, kama inavyotakiwa. Akanywa, akapumzika, akanywa tena. Mlangoni nikaona kivuli cha rafiki yangu, amesimama nje, hajapiga hodi, na kwa mara ya kwanza hana tusi.

Mama mkwe alianza kusema akiitazama ile kata. Alimkuta binti yake ameelekea ukutani, hamjui mtu. Manesi walimruhusu akae, akalala chini ya kitanda. Akamchemshia uji wa uwele jikoni kwao, akamlisha kwa kijiko, ukitoka anaurudisha. Siku ya kwanza hivyo, ya pili hivyo. Ya tatu akamwita mama. Mtoto yupo, mkubwa wa kichwa, ananyonya kwa mwingine.

"Juzi asubuhi," alisema, "kikombe alikishika mwenyewe."

Nikainuka kwenda kumwongezea maji, ingawa kata ilikuwa bado ina maji.